Mwaka wa Bingo na Bati

Mama Agnes tulimzika mwezi uliopita, na siku ya tatu ya matanga nilicheka mpaka watu wakageuka. Si adabu kucheka msibani, najua. Mimi mwenyewe nimefundisha shule miaka mingi na nimewachapa watoto kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini aliyenichokoza ni Zawadi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama pale kijijini, mwanamke mchangamfu wa watoto wawili, simu haimtoki mkononi. Tulikuwa jikoni kwa marehemu tunamenya viazi. Akanisogelea, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Samahani, najua hapa si mahali pake. Kikundi chetu kinataka kuchezesha bingo, tupate tanki la maji la zahanati. Tunasikia nyinyi mlichezesha zamani. Nimetumiwa sheria kwenye simu, naomba unisikilizie kama ziko sawa." Nikamwambia asome. Akasoma kwamba mwandaaji awe na kibali, kwamba zawadi zitangazwe kabla ya mchezo, kwamba msoma namba asishike kadi, kwamba kila namba itamkwe wazi mara mbili. Na mchezaji aliyejaza kadi yake apaze sauti kabla namba inayofuata haijatamkwa, akichelewa, amekosa. Hapo ndipo kicheko kiliponitoka. Kisha nikalia, kwa sababu mtu ambaye angecheka kunishinda alikuwa amelala nyuma ya nyumba chini ya udongo mbichi. "Hiyo ya mwisho ifute, mwanangu," nilimwambia Zawadi. Akaniuliza kwa nini, nami nikamwambia ni habari ndefu, amalize viazi kwanza. Habari yenyewe ni hii.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na kichwa kigumu. Nilipelekwa kijiji cha juu ya Magamba, pale msitu unapoanza, nifundishe chekechea asubuhi na elimu ya watu wazima alasiri. Nikapewa chumba kwa Mama Agnes, mjane wa Kilutheri aliyeimba kwaya kwa sauti ambayo mchungaji mwenyewe alimwomba aipunguze. Chumba kilikuwa nyuma ya jiko, kimetenganishwa na ukuta wa mbao zenye nyufa, kwa hiyo moshi wote ulikuwa wangu na maneno yote pia. Asubuhi niliamshwa na harufu ya makande. Tuliyala na maziwa mgando, na msimu wa plamu ulipofika tulikula plamu mpaka meno yakafa ganzi. Baridi ya kule haina mzaha, na akina mama wakitoka shamba walipitia jikoni kwa Mama Agnes kuota moto, mimi nikiwa upande wa pili na madaftari yangu. Wakifika kwenye jambo zito waliacha Kiswahili wakaingia Kishambaa, wakidhani Mwalimu hataelewa. Nilielewa kila neno. Sikuwaambia hata siku moja, maana ningekosa uhondo.

Ndivyo nilivyomjua Halima kabla sijamwona. Alikuwa mkaza mwana wa Mzee Shemboza, ng'ambo ya bonde. Mwaka uliotangulia uchungu ulimshika katikati ya masika, mto umejaa. Wanaume wakambeba kwa machela wakizunguka kwa njia ya msituni, na mtoto akazaliwa njiani, hakulia. "Mwenyewe alipona kwa rehema tu," nilimsikia mama mmoja akisema, "na sasa ana mimba nyingine. Nimemhesabia. Inaangukia masika tena." Kisha nikasikia Mama Agnes akigonga mwiko kwenye chungu. "Basi nyumba iishe! Tutakaa tukiomboleza mpaka lini?" Nyumba aliyoisema ilikuwa ya kusubiria, vyumba viwili vya matofali mabichi kando ya zahanati, ili wanawake wa ng'ambo wavuke mapema kabla ya mvua na wakae karibu na nesi mpaka siku yao. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha na hapo zikasimama. Kila mtu alijua kwamba matofali mabichi yakikutwa na masika bila paa yanarudi kuwa udongo.

Halima mwenyewe alikuja darasani kwangu wiki hiyohiyo, msichana mwembamba wa rika langu, mtundu wa maneno tukiwa wawili. Aliniigizia mchungaji, akaniigizia sheikh, na siku moja akaniigizia mimi, nikanuna siku nzima. Lakini akimwona baba mkwe wake njiani alishuka pembeni, akavuta kanga, akasalimu kwa kunong'ona. Ndiyo ilikuwa adabu. Mkaza mwana hapazi sauti mbele ya baba mkwe, hamkatizi kauli, hali naye sahani moja. Hakuna aliyeona kwamba ni mateso. Mzee naye alimheshimu vivyo hivyo, maana kabla ya kuingia uani kwake mwenyewe alikohoa kutoka mbali, binti apate kujiweka sawa. Siku hizi vijana wanatucheka kwa mambo hayo. Mimi siyacheki, ila nimejifunza kwamba heshima nayo ina mahali pa kubanwa, kama kiatu kizuri.

Miaka ile madukani hakukuwa na kitu. Sabuni ilikuwa ya kubahatisha, na bati ulilisikia tu kwa watu. Kamati ya nyumba ilikutana sebuleni kwa Mzee Shemboza, chumba chenye viti vya kamba, saa ya ukutani isiyotembea na harufu ya tumbaku. Mzee alikuwa karani mstaafu wa mashamba ya mkonge kule bondeni, mtu mrefu, mnyoofu, mwenye sauti iliyozoea kuita majina ya vibarua asubuhi kukiwa na ukungu. Tulipomaliza kulalamika, aliingia chumbani akatoka na mfuko wa turubai, akamwaga mezani vibao vidogo vya mbao vyenye namba. Klabu ya wakubwa wa shamba ilipofungwa aliuokota huo mfuko, akaokota na karatasi ya sheria zake. "Hii ni bingo," akasema. "Namba inaitwa, mwenye nayo kwenye kadi anaifunika, na wa kwanza kujaza ndiye mshindi. Kule walichangishia mambo yao. Nasi tuchangishie ya kwetu."

Sheikh wa msikiti wetu alikishika kibao kimoja kwa ncha za vidole. "Shemboza, ndugu yangu, hii si kamari?"

"Nilitaka kuuliza hilohilo," akasema mchungaji. "Sheikh ameniwahi."

"Kamari ni mtu kutoa chake akitumaini kuchukua cha mwenzake," Sheikh akaendelea. "Mkiondoa hilo tutazungumza. Msipoliondoa, mimi nakunywa chai yangu naondoka."

Wanaume wakatazamana. Mama Agnes, aliyekuwa anagawa chai, akasema bila kugeuka, "Fedha isiingie mlangoni. Mtu alete jiwe."

"Jiwe?"

"Jiwe, debe la mchanga, mti wa kenchi. Mzigo wa kujengea. Ukishautua umeshatoa sadaka, nyumba imepata, hata ukigeuka ukaenda zako. Kadi tunakupa ukae ufurahi tu. Na zawadi zitolewe na mwenye kupenda kutoa."

Sheikh akafikiri. "Na asiyeshinda hatadai mzigo wake?"

"Jiwe alidai akalipeleke wapi, Sheikh? Alirudishe mtoni?" Watu wakacheka, naye akacheka, na akasema kwa namna hiyo hana neno, ila siku atakayoona shilingi mlangoni tutamwona na yeye mlangoni, anatoka. Mchungaji akasema amina, kisha akakumbuka alipo akakohoa. Nami nikaamriwa kuziandika sheria upya kwa Kiswahili, Mzee Shemboza akinisomea na kunisimamia juu ya bega.

Sijawahi kumwona mtu anayependa sheria kama yule mzee. Msoma namba asishike kadi, akaniambia, na akaongeza yake mwenyewe: asimtazame mtu wa nyumba yake mchezo unapoendelea, isije ikasemwa. Kila kibao kikitoka mfukoni kionyeshwe kwa shahidi mmoja wa kanisani na mmoja wa msikitini. Kila zawadi iwekwe wazi watu waione kabla hawajakaa. Tufunge mapema, wa ng'ambo wavuke mto kungali na mwanga. Mwenye kadi iliyojaa apaze sauti kwa kinywa chake mwenyewe kabla namba nyingine haijatamkwa. Mwalimu mkuu wangu wa kwanza hakuwa na nusu ya ukali huo. Kadi nilizikata kwenye maboksi ya sabuni, na badala ya vifungo walivyotumia klabuni tulifunikia namba kwa maharage.

Jumamosi ya kwanza nilidhani watakuja watu wa kamati tu na wake zao. Walikuja mpaka wasiokwenda kanisani wala msikitini. Tulichezea kwenye ghala la chama cha ushirika, lenye harufu ya magunia na kahawa ya zamani, na kabla mchana haujakolea mlango ulikuwa umezibwa na rundo la mawe. Wazee waliojifanya hawawezi kulima walibeba mawe kichwani. Mzee Shemboza alisimama mbele na mfuko wake, amevaa koti, amegeuzia mgongo nusu upande aliokaa Halima, na kila namba aliipa jina. Sabini na saba ikawa majembe mawili. Nane ikawa boga juu ya boga. Namba moja ilikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti wa kijiji alisimama akainama kila ilipotoka. Kabla ya kila namba alitangulia na maneno yaleyale, taratibu, kama anayefungua sanduku: "Namba inayofuata, ndugu zangu, ni..." Aliyejaza alipiga kelele, "Imejaa!" Zawadi zilikuwa kuku, mkungu wa ndizi, jembe lililotumika, na mara moja kofia ya mchungaji aliyoitoa mwenyewe, akaja kuijutia baridi ilipozidi.

Kuta zilipanda. Nilikuwa napita pale kila jioni nikitoka darasani, Halima akinishika mkono, na kila mara alipitisha kiganja juu ya matofali mapya. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana chini ya kanga. Siku moja akaniambia, "Nimeota nimelala humo ndani nasikia mvua juu ya bati. Sikuota mtoto. Nimeota bati tu." Nikamwambia ndoto ni ndoto. Sasa hivi nikikumbuka jibu hilo natamani kujizaba kibao, lakini msichana wa miaka ishirini anajua nini?

Bati lilipatikana kwa njia ambayo Mama Agnes aliiita ya Mungu na Mzee Shemboza aliiita ya biashara. Mchuuzi mmoja wa Magoma, aliyekuwa anapanda na lori lake kufuata mboga, alisema tukimjazia viazi na kabichi atashuka nazo, naye atapanda na bati. Basi kadi ikawa debe la viazi. Ila alitoa sharti moja: lori lije kabla ya masika, maana barabara ikishalowa hapandi, hata mumwite na tarumbeta. Akatoa na mbuzi jike mwenye mimba awe zawadi ya Jumamosi moja, kuwatia watu moyo.

Kwa ajili ya mbuzi yule watu walijaa mpaka madirishani. Viazi vilirundikwa ukutani, nami nikaona tukipata Jumamosi nyingine moja kama ile lori linajaa. Mama Agnes alikaa mbele kabisa. Halima alikaa benchi la nyuma, kushoto, karibu na bibi mmoja asiyeona vizuri. Ukimya ulikuwa mzito kuliko wa ibada, kila mtu macho kwenye kadi yake. Mzee akaita arobaini na tatu, akatulia, akaingiza mkono mfukoni. "Namba inayofuata, ndugu zangu, ni... kumi na tisa." Mama Agnes aliruka juu akapiga kelele, "Imejaa!" na maharage ya watu watatu yakamwagika kwa mshtuko. Nikakagua kadi yake, ilikuwa sawa. Wakamkabidhi mbuzi, akambusu kichwani. Ghala zima likaangua kicheko.

Ni wakati wa kukusanya kadi ndipo yule bibi, kadi ya Halima ameisogeza mpaka puani, aliposema kwa sauti, "Mbona ya huyu binti imejaa, na kumi na tisa haimo?" Nikaenda. Kadi ya Halima ilikuwa imefunikwa maharage yote, na ya mwisho ilikuwa juu ya arobaini na tatu. Alikuwa amemaliza kabla ya Mama Agnes. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, anatazama sakafu.

Kelele zilizofuata nazisikia mpaka leo. Mmoja akasema mbuzi ni wa Halima, aliyetangulia ametangulia. Mwingine akasema sheria imesomwa tangu siku ya kwanza. Mzee Shemboza akainua mkono, wakanyamaza. "Aliyechelewa amekosa," akasema, bado ametazama upande mwingine. "Angekuwa wa nyumba nyingine ningesema hivyohivyo, sembuse wa kwangu. Mtu akisinzia, mchezo haumsubiri." Halima akavuta kanga akatoka. Sisi wanawake tulitazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyedhani amesinzia. Tulijua kwa nini hakupaza sauti, na kila mmoja alidhani Mzee naye anajua, ila anaficha kwa heshima.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Kwa vile Halima ni Mwislamu na Mama Agnes ni Mkristo, jambo la mbuzi likaanza kuvaa kanzu na joho. Kisimani mtu alisema mbuzi wa dhuluma hazai. Mwingine akajibu kwamba watu wa upande fulani hawajui kushindwa. Watu waliokuwa wamebeba jiwe moja wawili wawili sasa walisalimiana kwa kidevu. Mzee Shemboza akatuma ujumbe kwamba mchezo unaovunja watu si mchezo, na akautundika mfuko wake ukutani. Jumamosi ikaja, hakuna aliyeleta kiazi. Jikoni kwetu Mama Agnes alipika bila kuimba. Upande wa msitu mawingu yalikuwa yameanza kujipanga, na mimi nikapita kwenye ile nyumba isiyo na paa nikaona ufa wa kwanza ukutani. Niliogopa. Sikuogopa nyumba kuanguka, niliogopa kwamba rafiki yangu atakufa kwa sababu ya mbuzi.

Nilimwambia Mama Agnes hivyohivyo, kwa sauti isiyo ya adabu. Aliweka mwiko chini. "Vaa viatu," akasema. Tukavuka bonde na mbuzi akitutangulia, yeye ndiye tuliyedhani atatuombea. Mzee Shemboza alitupokea sebuleni.

"Mghoshi, nimekuletea mbuzi wa binti yako," Mama Agnes akasema, akimwita bwana kwa Kishambaa.

"Sheria haipokei zawadi, Mama Agnes. Ulishinda."

"Nilishinda nini? Nimeshinda maneno ya kisimani."

"Rudi naye. Siwezi kuandika sheria mchana na kuivunja jioni kwa sababu anayeumia ni wangu."

Mama Agnes hakubishana. Alinyanyuka akaenda jikoni kwa Halima, nami nikamfuata. Lilikuwa jiko dogo, ukuta mmoja tu na sebule, na mimi, mtu niliyeishi mwaka mzima kwa maneno ya nyuma ya mbao, nilijua ukuta wa aina ile unafanya nini. Nadhani Mama Agnes naye alijua. Halima alikuwa anachambua mboga ya mnafu. Tumbo lilimzuia kuinama. Mama Agnes akakaa chini kwa kishindo, akauliza kwa sauti yake ya kwaya, "Mwanangu, niambie ukweli. Ulisinzia?"

"Hapana, Mama."

"Hukuiona kadi?"

"Niliiona. Mwalimu amenifundisha namba, ningeachaje kuiona?" Akaweka mnafu pembeni. "Nilifungua mdomo. Lakini Baba alikuwa ameshaanza kusema. Alishasema 'namba inayofuata, ndugu zangu.' Ningemkatiza Baba, mbele ya watu wote? Kwa ajili ya mbuzi?"

Upande wa pili kiti cha kamba kikalia. Tukasikia Mzee akikohoa, kule ndani kwake, kikohozi kilekile cha kuomba njia. Halima akavuta kanga. Mzee hakuingia, alisimama nje ya mlango ubavu ubavu.

"Nimesema mbele ya watu kwamba amesinzia," akasema. "Mimi. Na alikuwa ananistahi."

"Basi tufanyeje na sheria yako?" Mama Agnes akauliza.

"Sheria si mbaya. Imetoka mahali ambako kila mtu hupiga kelele." Akafikiri. "Mwalimu, una kalamu? Andika. Asiyeweza kujisemea, jirani yake amsemee."

"Na jirani akinyamaza kwa husuda?" Mama Agnes akauliza. "Andika na hii: aliyeona ya mwenzake imejaa asiseme, yake nayo inafutwa."

"Hiyo ni kali," Mzee akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilimsikia mtu akicheka. "Iandike."

Mbuzi alibaki kwa Mama Agnes kama sheria ilivyosema, ila walikubaliana pale mlangoni kwamba mzao wa kwanza avuke bonde. Siku iliyofuata Mzee alivaa koti lake akaja mpaka kisimani, mahali ambapo sijawahi kumwona, akawaambia wanawake waliokuwapo kwamba alikosea alipomwita binti yake msinziaji. Hakurembesha. Aliwaomba waseme hivyo kwa wengine. Habari ilifika kila nyumba kabla chakula cha mchana hakijaiva.

Zawadi akija kuniuliza tena, nitamwambia afute kila kitu kwenye simu yake, abakize sheria hiyo ya jirani. Jumamosi tuliyorudi ghalani mchezo ulikuwa mwingine kabisa. Hakuna aliyetazama kadi yake peke yake. Watu walikaa wamepindana shingo kila mtu kwa mwenzake, wa msikitini anahesabia wa kanisani maharage, mabibi wasioona wakasomewa, na wakwe waliowekeana haya wakawekewa mtu katikati wa kuwasemea. "Ya Mama Hadija imejaa!" "Ya Yohana bado moja, msimkimbize!" Mama Agnes alipiga kelele kwa niaba ya benchi zima na hakushinda hata yai. Viazi vilijaa ghala mpaka tukachezea uani. Nimekaa kwenye kamati nyingi tangu hapo, za shule, za kanisa, za maji, na sijaona tena watu wakifurahia ushindi wa mwenzao namna ile. Labda walifurahi kwa sababu sheria iliwalazimisha. Hata hivyo walifurahi.

Lori lilipanda, likashuka na viazi, na kwa siku kadhaa tulikaa roho juu tukisikiliza kila mngurumo. Liliporudi lilikuwa na bati, na mawingu yalikuwa yameshashuka mpaka kwenye miti. Mafundi walipigilia kutwa, wanaume wa dini zote mbili juu ya kenchi moja, wakitukanana kwa upendo. Mvua ya kwanza ilianza bati la mwisho likiwa mkononi mwa fundi. Halima alivuka mto kwa miguu yake, mkeka kichwani, wakati maji bado yanafika kwenye vifundo tu. Siku chache baadaye mto ulijaa, na bonde lote likawa na sauti moja.

Siku yake ilifika asubuhi moja mvua ikinyesha bila kupumzika. Nesi aliniita nije kuchemsha maji. Mume wa Halima alikuwa kibaruani mbali ng'ambo, mto umemzuia. Lakini nilipotoka barazani kumwaga maji nilimkuta Mzee Shemboza kwenye benchi, koti limelowa mpaka bitana, viatu mkononi, matope mpaka kiunoni. Alikuwa amezunguka kwa njia ya msituni, ile ile waliyombebea Halima mwaka uliotangulia. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, Mwalimu. Anaendeleaje?" Nikamwambia bado. Ndani Halima alikuwa anauma kanga, hatoi sauti, jasho linamtiririka, na nesi alikuwa anamgombeza: "Acha kujibana! Unajimaliza nguvu. Lia!" Nilimwona akitazama dirishani, akauona mgongo wa lile koti, akauma kanga zaidi.

Nikatoka nje. Sikujua namna ya kumwambia mzee jambo kama lile, nikabaki nimesimama na sufuria. Alinitazama, akaelewa, akainuka aondoke kama mila inavyotaka. Alifika kwenye ngazi. Mvua ilikuwa inamwagika mbele yake kama pazia, na nyuma yake ndani kulikuwa kimya. Nadhani ni kile kimya kilichomrudisha, kwa maana njiani kule msituni mwaka uliotangulia alishakisikia. Akageuka, akasogea mpaka ukutani, akasema kwa sauti iliyoita vibarua ukunguni, "Binti yangu, mimi siendi popote. Wewe lia tu. Katiza kauli yangu, katiza ya kila mtu."

Ndani, kanga ilitoka mdomoni. Kisha Halima akalia, akapiga ukelele ambao sikudhani unaweza kutoka kwenye mwili mwembamba vile, na akapiga mwingine. Mzee akakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, hakuziba masikio. Tulikaa hivyo, mimi nikiingia na kutoka na maji, bati likinguruma juu yetu, mpaka ikasikika sauti nyingine, nyembamba, yenye hasira. Nesi akafungua dirisha. "Mzee, ni wa kike. Mzima kabisa."

Hakuonyesha kwamba amesikia. Alisimama, akashika ukingo wa dirisha. "Na mama yake?"

Nesi hakuwahi kujibu. Kutoka ndani, kwa sauti iliyoishinda mvua, Halima akasema, "Nipo, Baba! Nipo!"